Jokofu Amebaki Nje

Nitawasimulia jinsi nilivyokaribia kuua kitabu cha watu, tena kitabu kizuri, kwa mkono wangu huu na kalamu nyekundu. Msinihukumu mapema. Mimi ni msahihishaji, miaka ishirini na saba katika nyumba moja ya vitabu, na kazini wananiita Bi Sahihi. Wanadhani jina hilo linanikera, kumbe nalipenda. Mwandishi akiandika "wote" alipokusudia "sote", mimi namwona kabla sijavaa miwani.

Siri yangu ni moja: sisomi hadithi. Naanza ukurasa wa mwisho, narudi nyuma, mmoja mmoja, hadi wa kwanza. Ukisoma kutoka mwanzo, hadithi inakushika mkono na kukukimbiza, makosa unayapita huku macho yako wazi. Ukisoma kinyumenyume hakuna hadithi. Kuna maneno tu.

Basi asubuhi moja niko mezani kwangu, ghorofa ya pili, nimeanza kitabu cha kilimo cha vitunguu. Mara chumba cha pili mtu anacheka. Na si kucheka kwa adabu, ni kucheka kwa kupiga meza. Nikavumilia. Akacheka tena. Nikagonga ukuta. Akanyamaza kidogo, halafu ukasikika ule mkoromo wa mtu anayejizuia, na mkoromo ule ndio mbaya zaidi, maana unakaa unasubiri upasuke saa ngapi. Nikavua miwani, nikainuka, goti langu bovu likalia, nikaenda.

Aliyekuwa anacheka ni msahihishaji mwenzangu. Tunamwita Sindano kwa ule wembamba wake tu, ulimi wake haumchomi mtu. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Wewe! Una wazimu?"

"Dada, nisamehe. Ni hili jokofu."

Ah, jokofu! Nikajua anasoma nini. *Sayari Ndani ya Jokofu*, riwaya ya watoto, imeandikwa na fundi wa majokofu ambaye hajawahi kuandika kitu kirefu kuliko risiti. Kitabu kilikuwa kinatakiwa kabla shule hazijafunguliwa, kwa hiyo mhariri mkuu alikikata vipande viwili. Sindano akapewa nusu ya mwanzo, mimi ya mwisho. Mimi nilimaliza juzi yake, kama kawaida yangu, na asubuhi hiyo nusu yangu ilikuwa imeshapanda mtamboni. Mtambo uko chini, na ukiwa unachapa, meza zetu huku juu zinatetemeka. Sindano ndiyo kwanza alikuwa anamalizia yake.

"Kitabu hicho kimenitoa jasho," nikamwambia. "Huyo fundi hajui sarufi hata ya kuombea maji. Huku jokofu limefanya, huku jokofu amefanya. Nimerekebisha mahali arobaini na tatu!"

Sindano akaacha kufuta machozi. "Dada, mwanzo wake umeusoma?"

"Nimesoma mwisho."

"Basi kaa." Akanisukumia kiti na kikombe chake cha chai. "Kurasa tatu tu. Usipocheka, sitacheka tena humu ndani hadi nistaafu."

Dili kama hilo nani atalikataa? Nikakaa.

Kulikuwa na nahodha wa chombo cha angani, mwoga, mbishi, mchoyo wa sukari. Kapewa kazi ya kusafirisha sayari. Sayari nzima, na milima yake na bahari zake na wakazi milioni tisa, imepunguzwa ukubwa hadi ikawa sawa na limau, na lazima ikae kwenye baridi isije ikafura njiani. Kwa hiyo imewekwa kwenye jokofu la jikoni, kati ya maziwa na nusu kitunguu. Jokofu lenyewe lina akili, linaongea, na linanuna. Ukurasa wa tatu, nahodha anataka chai ya limau.

"Usiguse!" jokofu linapiga kelele. "Utakamulia bahari mbili kwenye kikombe!"

"Jokofu limeanza tena," nahodha analalamika.

"Na hilo *li-* nimelichoka! Nahodha, mbu akikupita sikioni unasemaje? Unasema *amepita*. Mbu! Anayekunyonya damu unampa *a-*. Mimi ninayekutunzia maziwa na watu milioni tisa, *li-*?"

Jamani, chai ilinitokea puani. Sikukusudia. Nilikohoa, nikapigapiga kifua, nikamtazama Sindano kwa ukali, halafu nikashindwa, nikacheka hadi miwani ikaanguka mapajani.

"Kurasa tatu zimeisha," Sindano akasema, akanyoosha mkono.

"Toa mkono wako hapa!"

Nikasoma. Vitunguu nikavisahau, ukuta niliougonga nikausahau. Kuna binti wa miaka kumi na mmoja, kazi yake ni kusafisha madirisha ya chombo kwa nje, amefungwa kamba kiunoni, na ndoo ya maji ambayo kila mara inamtoroka kwa sababu huko juu hakuna chini. Kuna maharamia wenye mzio wa nyota: wakiiona nyota wanapiga chafya, wakipiga chafya chombo chao kinarudi nyuma, na anga limejaa nyota. Miaka arobaini wanafukuza watu na hawajawahi kumkaribia mtu hata mmoja! Nilikuwa nataka kukimbia nikiwa nimekaa. Sindano akavuta kiti chake, tukaanza kugawana: yeye binti, mimi nahodha, jokofu tukawa tunagombania. Haramia mkuu alipopiga ile chafya ndefu ya sura ya saba, niliipiga mimi, kwa sauti, na mhudumu aliyekuwa anapita koridoni na vikombe akaniambia, "Afya, mama."

Sijui ni lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo. Nasema kweli. Kila siku nashika vitabu, na nilikuwa nimesahau kwamba kitabu kinaweza kukuzuia usipumue.

Nusu ya Sindano ikaishia pale chombo kinapotua kwa kishindo kwenye mwezi usiojulikana, mlango unafunguliwa, na wenyeji wa mwezi wanasogea, maelfu, na miguu yao mitatu mitatu.

"Endelea!" nikasema.

"Kwangu ndiyo mwisho, dada. Kilichobaki ni chako. Si wewe uliyekisoma? Niambie. Wenyeji waliwafanya nini?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimezipitia kurasa zile zote, neno kwa neno, na sikujua hata nahodha alipona au alikufa.

Nikaenda chumbani kwangu mbio, nikaleta mswada wangu, wino mwekundu ukiwa umeenea kote. Safari hii nikaanza mwanzo. Wenyeji wa mwezi hawali watu. Wamejifunza lugha kwa kusikiliza redio ya chombo, na waliyemsikia zaidi ni nahodha akizungumza na jokofu. Wakafikiri hivi: kinachobeba watu milioni tisa lazima kiwe kitu kikubwa kabisa, na kitu hicho kinaitwa *li-*, kwa hiyo *li-* ndiyo heshima ya wafalme. Basi wanamwinamia nahodha, wote kwa pamoja: "Nahodha limefika! Nahodha limependeza! Nahodha likae!"

Sindano alikuwa anasoma juu ya bega langu. Akaangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika.

"Dada, mbona hapa pamekatwa? Huu wino ni wa nani?"

Wino ulikuwa wangu. Juu ya *limefika* nimeandika *amefika*. Juu ya *limependeza*, *amependeza*. Mwandiko mzuri, ulionyooka. Pembeni nimeongeza, kwa kiburi changu: "Nahodha ni mtu!"

Nikafunua. Kuanzia hapo binti anaacha *li-*. Bila kutangaza, bila kueleza, anaanza tu kusema *Jokofu ameamka, Jokofu amenuna, mwachie Jokofu apumzike*, na nahodha bado anang'ang'ania *limenuna*. Hayo ndiyo yale makosa yangu, huku limefanya, huku amefanya! Mahali arobaini na tatu, na kila mahali nimepita na kalamu nikapanyoosha, na kila nilipopanyoosha nimeua mzaha au nimeua mtu.

Najua mtakachosema. Katika hadithi hata jiwe linaweza kupewa *a-*, msahihishaji mzima asijue? Nilijua. Lakini nusu niliyopewa ilichanganya, na mimi mchanganyiko siuvumilii.

Nikafika ukurasa wa mia na sitini na mbili. Mwezi unapasuka. Kila mtu anakimbilia kituo cha uokozi. Lango la kituo halina macho, lina masikio tu, na sheria yake ni fupi: wenye uhai wanaingia, mizigo inabaki nje na kusagwa. Nahodha na binti wameingia. Jokofu bado yuko nje, anakuja na vile vigurudumu vyake vidogo, anasukumwa na upepo, na watu milioni tisa tumboni. Lango linaanza kujifunga. Linauliza mara moja tu: "Kuna aliyebaki, au kuna kilichobaki?"

Na kamba ya binti imepanda ikamkaba koo, hawezi kusema. Wa kujibu ni nahodha. Yule mbishi. Anafungua mdomo, anafunga, anafungua. Halafu anapiga kelele: "Amebaki! Jokofu amebaki nje!"

Lango linafunguka. Jokofu anaingia amechafuka vumbi, anahema, na neno lake la kwanza ni: "Safari nzima, nahodha. Safari nzima kutamka herufi moja!"

Nililia na kucheka kwa pamoja, sioni haya kusema. Halafu nikaona nilichoandika juu ya mstari ule. *Jokofu limebaki nje.* Na pembeni: "Jokofu si mtu."

"Ulimwuliza mwandishi?" Sindano akasema polepole.

Nilimpigia, ndiyo. Juzi yake. Nilimwambia, "Bwana, ulisoma wapi wewe, *nahodha limefika*?" Akaanza, "Mama, pale nilikusudia..." nikamkata: "Ulikusudia kunipandisha presha." Akasema, taratibu, kwa heshima zote, "Sawa, mama. Wewe ndiye unayejua."

Kikombe mezani kikawa kinatetemeka. Mtambo.

Nilishuka zile ngazi kwa goti lile lile ambalo daktari ameniambia nisilikimbilie hata basi. Sindano nyuma yangu anaita, "Dada, taratibu, utavunjika!" Potelea mbali! Nikasukuma mlango wa chumba cha mitambo, joto na harufu ya wino vikanipiga usoni. Karatasi kubwa zilikuwa zinaruka moja baada ya nyingine, kila moja na kurasa kumi na sita za kitabu, zinajipanga kwenye rundo lililokuwa limeshafika kiunoni.

Msimamizi wa mitambo tunamwita Ngurumo. Miaka mingi ya kelele imemfanya anong'one kwa sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara.

"Zima!" nikamwambia.

"Eeh?"

"Zima mtambo!"

"Hauzimwi! Mpaka mhariri mkuu aandike!"

"Mhariri mkuu yuko safarini, simu haipatikani! Kuna kosa!"

"Kosa la nani?"

Hapo nikasita. Miaka ishirini na saba nimeuliza watu swali hilo, na sikuwahi kuulizwa mimi. Karatasi zikawa zinaendelea kuruka. Nyingine. Nyingine.

"Langu!" nikasema.

"Eeh?"

"Kosa ni langu!"

"Sisikii!"

Ngurumo akaona midomo yangu, akaona uso wangu, na nadhani hakuyaamini macho yake, maana alinyoosha mkono akabonyeza kitufe chekundu ili asikie vizuri. Mtambo ukanyamaza ghafla, na mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"NIMEKOSEA!"

Jengo zima lilisikia. Mafundi wanne wakageuka. Kule juu mlango ukafunguliwa. Mtu mmoja akasema, "Ni Bi Sahihi huyo?"

"Ahaa," Ngurumo akasema, akanyoosha mkono kuwasha tena. "Sasa nimesikia."

"Thubutu!" Nikakaa mbele ya kitufe. Kwa kweli nilikikalia. "Umeshazima. Uache hivyo hivyo."

"Mama, nimezima nisikie, sijazima nizime."

"Basi endelea kusikia."

Nikamweleza. *Li-*, *a-*, lango, nahodha. Akakuna kidevu. Akasema watoto hawataona tofauti, jokofu ni jokofu, na karatasi zote zile zitakuwa taka. Nikaona nikianza kumfundisha sarufi nitamaliza siku. Nikachukua mswada, nikasimama palepale kati ya mapipa ya wino, nikamsomea ukurasa wa mia na sitini na mbili kama fundi alivyouandika. Nilisoma sauti zote. Nilihema kama jokofu. Nilipofika kwenye swali la lango nikanyamaza kidogo, makusudi.

"Halafu?" Ngurumo akauliza. Alikuwa amevua kofia.

"Soma mwenyewe." Nikavuta karatasi moja iliyochapwa kutoka kwenye rundo, wino wake bado mbichi, nikamwonyesha mstari.

Akasoma akisogeza midomo. Akarudia. Akakunja uso.

"Mbona hapa nahodha anasema *limebaki*?"

"Ndiyo."

"Lakini lango linafunguka?"

"Ndiyo."

"Linafungukaje sasa? Si limeambiwa ni mzigo? Si lilitakiwa limsage?" Akanitazama kwa hasira za kweli, kana kwamba milioni tisa wale ni ndugu zake. "Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi."

Ngurumo alikwenda kwenye mtambo, akafungua kifuniko cha pembeni, akaanza kutoa mabamba ya chapa, moja moja, akiyalaza chini. Mafundi wake wakatazamana, kisha wakaja kumsaidia.

Tulirudi juu, mimi na Sindano, tukaketi meza moja. Yeye anasoma mswada, mimi narudisha. Limebaki, amebaki. Limenuna, amenuna. Amefika, limefika. Arobaini na tatu. Kila neno lililorudi mahali pake nilijisikia mwepesi zaidi, na tulipofika kwenye "Nahodha likae!" tulicheka upya kana kwamba hatujawahi kuisikia. Saa sita ilikuwa imepita. Sindano akasema nikale. Nikamwambia bado nina mtu wa kumpigia.

Fundi alipokea haraka. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa kitu cha chuma kinachogongwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bwana fundi, nimekosea." Mara ya pili siku moja. "Wewe ulikuwa sahihi na mimi nilikukatiza. Nimerudisha yote kama ulivyoandika. Unisamehe."

Kugonga kukakoma. Nikadhani simu imekatika.

"Na mia na sitini na mbili?" akauliza.

"Amebaki. Anasema amebaki."

Nikamsikia akivuta pumzi, na ilipotoka, ilitoka vipandevipande.

"Mama, nina binti wa miaka kumi," akasema. "Hatembei. Kuongea anaongea, lakini kwa shida sana, neno moja linaweza kuchukua dakika. Majirani zangu si watu wabaya, wanamletea matunda. Lakini wakipita mlangoni wananiuliza mimi: *kimeamka? Kimekula leo?* Mbele yake, mama. Na yeye anasikia kila kitu."

Nikaiweka kalamu nyekundu chini.

"Kitabu kile si changu peke yangu. Anasema, mimi naandika. Kuna sentensi humo tulizitafuta asubuhi nzima. Uliponipigia ile juzi, nilishindwa kumwambia. Kila siku ananiuliza kitatoka lini, nami namwambia bado, bado. Ngoja kidogo."

Akaweka simu juu ya kitu kigumu. Nikasikia nyayo zake zikienda mbio, nikasikia akisema, "Mwanangu, wamemrudisha! Wamewarudisha wote!" Halafu sauti nyingine, nyembamba, ikipanda na kushuka, ikikwama, ikianza upya, na baba yake akingoja. Nyayo zikarudi.

"Anauliza, mama. Anauliza, wewe ulipokisoma... ulicheka?"

Nikafungua mdomo nimjibu, kisha nikaona, hapana.

"Usinijibie wewe," nikasema. "Mpe simu mwenyewe."

Nikasikia simu ikihama mkono. Pumzi karibu sana na sikio langu. Kisha neno likaanza kuja, silabi kwa silabi, likakwama katikati, likarudi mwanzo, likaja tena. Nilijua ni neno gani tangu silabi ya kwanza, na ningeweza kummalizia. Nilibana midomo nikangoja hadi akalimaliza lote mwenyewe.

"Shi...ka...moo."

"Marahaba, mwandishi," nikasema. "Sasa kaa vizuri nikueleze nilivyocheka."